Dadu siyo kamari, muulizeni Sakitu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Kigoma mwisho wa reli. Gazeti lenu huku linafikaga limechelewa na mara nyingine nalipata likiwa limeshaanza kufungia vitumbua, lakini nalisoma hivyo hivyo na ukurasa wa barua siurukagi. Sasa naomba nafasi nimjibu yule msomaji mwenzangu aliyeandika ati vijana wanaokaa mezani na dadu wakijifanya mashujaa wenye nguvu za ajabu wanacheza kamari ya kizungu iliyochanganywa na uchawi, na wazazi tuwapige marufuku. Niliwasomea barua hiyo vijana wenyewe barazani kwangu wakacheka sana, mimi sikucheka, maana mzazi mwingine ataisoma na kesho atachana karatasi za mtoto wake.

Nijitambulishe kwanza mtu asije kusema huyu anatetea asichokijua. Mimi nauza barafu. Friza zangu ziko nyumbani hapa Mwanga, na alfajiri mzigo unashuka Kibirizi kwa wenye migebuka, wanapanga kwenye madeli samaki barafu samaki barafu mpaka juu, wanafunga wanasafirisha. Mtoto wa dada yangu anakaa kwangu, yuko fomu foo, na yeye na wenzake ndo wanaocheza hiyo gemu jioni za Jumamosi. Kwahiyo naongea kitu nachokiona kwa macho, na siku hizi hata mimi nakaa nao mezani, sababu mtaiona huko mbele.

Gemu yenyewe ikoje. Haina ubao kama drafti au ludo, hakuna kete za kusogeza. Mmoja wao anakuwa mwendeshaji, wenyewe wanamwita masta, huyo kazi yake ni kusimulia: uko wapi, saa ngapi, mbele yako kuna nini, adui kafanya nini. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake kamwandika kwenye karatasi, na zamu yake ikifika anasema mhusika wangu anafanya hivi na hivi. Kama ni jambo jepesi linafanyika tu, nani anashindwa kufungua mlango. Kama ni jambo la kupata na kukosa hapo ndo unaenda kwenye dadu, namba inaamua, masta anasimulia kilichotokea, na hadithi inaendelea mpaka mama wa mtu apige simu kuuliza mwanangu yuko wapi. Mshindi hakuna. Hela haipo mezani, kilichopo ni karanga, tena za kwangu.

Aina hii ya gemu ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, inaitwa Dungeons & Dragons, ya Gary Gygax na Dave Arneson, hiyo ni ya mapanga na majoka. Wanayocheza vijana wangu ni ya mashujaa wa vibonzo vya Marvel, ilitoka 1984, mbunifu wake Jeff Grubb, kijana mmoja anayo kwenye simu na wakaanza kuitafsiri kidogo kidogo kwenye daftari la hesabu. Mhusika anapimwa kwa mambo saba: kupigana, wepesi, nguvu za mwili, ustahimilivu, akili, machale, na nguvu ya nafsi. Kila jambo lina daraja, kuanzia hafifu mpaka la kutisha. Unachomoa namba kati ya 1 na 100 na kuna jedwali la rangi nne, nyeupe umekosa, kijani umepata, njano umepata vizuri, nyekundu umepata mpaka watu wanasimama kwenye viti. Mwenye daraja la kawaida anahitaji 51 kwenda juu ili atoke kwenye nyeupe, na kila daraja likipanda hicho kizingiti kinashuka kwa 5. Ndo hesabu yote hiyo, mtoto wa darasa la tano anaielewa.

Na dadu zenyewe ambazo mwenzetu zimemkosesha usingizi, wala hawana. Dadu ya pande kumi ukiuliza madukani hapa unaletewa ile ya ludo ya pande sita na muuzaji anakushangaa. Walichofanya wamechukua vizibo vya soda 10, wakaandika kwa maka peni 0 mpaka 9 upande wa ndani, wakatia kwenye soksi. Unachomoa kimoja hicho ni makumi, unakirudisha, unatikisa, unachomoa kingine hicho ni mamoja, ukitoa sufuri mbili ni mia. Mimi nilidhani ni ubunifu wa shida zetu za huku kumbe hata Marekani kwenye mwaka 1979 dadu ziliadimika, boksi la Dungeons & Dragons likawa linauzwa na vipande vya karatasi ngumu vyenye namba badala ya dadu, watu wakavichomoa kwenye vikombe na maisha yakaenda. Kwahiyo msomaji mwenzangu kamari unayoiona ni soksi na vizibo. Kamari ya kweli iko hatua chache kutoka hapo hapo kwangu, kuna dubwi pembeni ya kibanda cha chipsi linameza sarafu mchana kutwa na watoto wa shule wamelizunguka na yunifomu zao, na kuna vijana wanaojaza mkeka kila wikendi kwa hela ya nauli. Hayo sijaona barua yako.

Sasa tuje kwa mhusika wenyewe maana ndo utamu ulipo. Kijana wangu alitaka kuwa shujaa wa barafu. Huko kwenye vibonzo yupo anaitwa Iceman, jina la nyumbani Bobby Drake, alitokea mwaka 1963 pamoja na X-Men wa kwanza, hilo ni kundi la mashujaa, waliomtengeneza ni Stan Lee na Jack Kirby. Kati ya wale wa mwanzo yeye ndo alikuwa mdogo kuliko wote. Mwanzoni walimchora mweupe wa theluji theluji mwili mzima, baadaye ndo akawa wa barafu ya kung'aa, na mtindo wake maarufu ni kutengeneza njia ya barafu hewani halafu anateleza juu yake kuvuka mji. Nimeziona hizo picha kwenye simu, nzuri kweli. Ila masta akakataa Bobby Drake asije Kigoma, akasema huyo Mmarekani hata nauli ya Ujiji haijui, tengeneza wa kwako. Ndo akazaliwa Sakitu, kijana wa Kasulu kule juu kwenye baridi, fundi cherehani, akikasirika maji yanaganda.

Jumamosi za mwanzo Sakitu alikuwa anachosha jamani. Adui akitokea, namgandisha. Moto ukiwaka, naugandisha. Mlango umefungwa, nagandisha kitasa kinavunjika. Wenzake wamekaa tu wanakula karanga, hakuna cha kufanya, yule binti aliyekuwa na mhusika mwenye machale makali akasema mimi naenda kusuka. Na hapa nina langu la kusema kuhusu hivyo vibonzo vyenyewe, yule Iceman wao wamekuja kumkuza mpaka nguvu zake wanasema hazina kikomo, mimi hadithi ya mtu asiye na kikomo siitaki hata bure, inaisha kabla haijaanza.

Masta akaona gemu inakufa, akaniita kutoka jikoni. Ma'mdogo shikamoo, hebu njoo kidogo, hivi barafu inagandaje?

Nikavuta kigoda.

Nikawaambia la kwanza, barafu siyo baridi peke yake, barafu ni maji. Sakitu anatoa wapi maji? Wakasema hewani, hata Iceman anatoa unyevu hewani. Sawa, hewani kuna kiasi gani? Kijana akaleta daftari la fizikia ambalo kwa kawaida naligombania alifungue, wakatafuta, wakakuta hewa ya nyuzi 30 hata ikishiba unyevu kabisa haizidi gramu 30 hivi za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Baraza langu na sebule ukichanganya ni kama mita 4 kwa 4 kwenda juu 3, ujazo wa 48, kwahiyo ukikamua unyevu wote mpaka tone la mwisho unapata kilo moja na nusu haifiki. Haya ile njia ya kutelezea, iwe na urefu mita 10 tu, upana nusu mita, unene sentimita 10, hiyo ni barafu ya zaidi ya kilo 450! Wakabaki wanaangaliana. Ili upate maji hayo hewani lazima ukaushe hewa ya mita za ujazo elfu 15 na kwenda juu, na hapo ni masika.

La pili ndo watu wengi hawalijui na wateja wangu ndo hawalijui kabisa, wananigombeza mbona maji tangu mchana ni ya baridi lakini barafu hakuna. Maji kupoa ni kazi ndogo, kuganda ndo kazi. Kutoa kilo ya maji kwenye nyuzi 25 mpaka sufuri unatoa joto la kilojuli kama 105. Hapo bado ni maji, yamefika sufuri yamesimama. Kuyafanya yawe barafu unatakiwa utoe nyingine 334, mara tatu ya ile ya kwanza na nyuzi haishuki hata moja. Ndo maana friza inahangaika usiku kucha na luku inakimbia. Kwa lugha nyingine joto la kuyeyusha kilo ya barafu ni sawa na la kupandisha kilo hiyo hiyo ya maji kutoka sufuri mpaka nyuzi 80.

Na la tatu nikawapeleka nyuma ya friza nikawaambia wekeni mkono. Moto! Ndiyo, kwa sababu joto halipotei, friza inalitoa ndani inalimwaga nje. Sasa Sakitu wenu joto analimwaga wapi?

Mhariri hapo ndo gemu ilipofufuka. Walibishana mpaka nikawasha taa. Wakaandika kwenye karatasi yake sheria ambayo nadhani haipo kwenye kitabu chochote, wameiita sheria ya mgongo: kila barafu Sakitu anayotengeneza mbele, mgongo wake unatoa joto lile lile nyuma. Wakapiga hesabu ya chumba kile cha 48, akigandisha kilo moja tu ya maji ya ndoo, hewa ya chumba inapanda nyuzi 7 na nusu hivi kama kuta hazijanyonya. Akigandisha kilo 3 wote mliomo ndani mnatoka mbio. Kwahiyo Sakitu ndani ya nyumba ni hatari kwa wenzake, lazima aangalie nani yuko nyuma yake, lazima amwambie mwenzake hama hapo. Lakini Sakitu akiwa kwenye maji, mgongo umezama ziwani, joto linamezwa. Kilo moja ya barafu joto lake ukilimwaga kwenye tani nzima ya maji yanapanda sehemu ya kumi ya nyuzi, nani atajua. Na ziwa letu hili urefu wake ni kama kilomita 670 na kina mita 1,470, unaweza kumwaga joto la Sakitu mpaka vitukuu vyake. Kwahiyo bila mtu kupanga, shujaa wa barafu akawa shujaa wa Ziwa Tanganyika, na hapo wakaacha kuiga miji ya Marekani wakaanza kucheza mambo ya kwao.

Niwape mkasa mmoja muone wenyewe kama ni uhuni. Usiku wa giza, mwezi haupo, maana vijana wote wa huku wanajua mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika, taa hazivuti. Mtumbwi wa mjomba wake Sakitu uko mbali usawa wa Ujiji, taa zimewashwa, wavu umezama. Boti inakuja kutoka gizani bila taa, majambazi, wanataka injini. Hilo siyo la kutunga tu, familia ngapi za wavuvi zimelia na injini kuporwa. Masta akauliza, Sakitu unafanya nini?

Nagandisha ziwa!

Wakamzomea. Haya, nagandisha njia nitembee mpaka kwenye boti yao. Masta akanitazama mimi. Nikasema barafu inaelea kwa sababu ni nyepesi kidogo tu kuliko maji, sehemu tisa kati ya kumi zinakaa chini na zaidi, kwahiyo haibebi mzigo mkubwa. Kijana akakokotoa kwa mwanga wa simu: kumbeba mtu wa kilo 70 asizame inatakiwa barafu kama kilo 770, yaani kipande cha mita 2 kwa 2 chenye unene wa sentimita 21, na hicho ni cha kusimama tu, bado hujapiga hatua ya pili, na maji yenyewe ni ya nyuzi 25 yanakiyeyusha kutoka chini. Kimya.

Sasa kuna kijana mle baba yake ni fundi wa injini za boti, mpole sana, mara nyingi haongei. Akasema taratibu, hizi injini zinavuta maji ya ziwa kujipoza, kuna tundu pale chini karibu na pangaboi zinaponyonyea. Ukiziba tundu injini inachemsha. Unahitaji barafu ya ngumi moja.

Wacha wee. Baraza lililipuka mpaka jirani akachungulia.

Masta akasema sawa lakini ni giza, na tundu liko chini ya maji, na boti inatembea. Wepesi wa Sakitu ni daraja la nzuri, kizingiti 46, kwa sababu ya giza nakushusha daraja moja, unahitaji 51. Na hapa kuna kitu kingine cha hii gemu nakipenda, kuna akiba inaitwa Karma. Shujaa akiokoa watu anawekewa, akizuia uhalifu anawekewa, na hiyo akiba anaweza kuiongeza kwenye namba yake siku ya shida, ila lazima atangaze kabla hajachomoa, na akishatangaza anatoa siyo chini ya 10 hata kama haikuhitajika. Kijana akafikiria weee, akasema natangaza. Akaingiza mkono kwenye soksi. Nne. Akatikisa. Nane. Arobaini na nane, amekosa! Jumlisha 10 ya Karma, 58, kijani. Zile pointi alizipata alipomtoa bibi mmoja kwenye basi lililopinduka njia ya Kasulu, angekuwa mchoyo siku ile leo mjomba wake hana injini. Maji ya kupoza yakakata, injini ya majambazi ikachemsha, ikazima, boti ikabaki inaelea tu na wimbi.

Halafu masta akauliza kwa sauti ya chini, mgongo wako uko wapi? Maana Sakitu ili afanye vile alikuwa ameshuka majini ameshikilia ukingo wa mtumbwi kwa mkono mmoja, na jambazi mmoja alikuwa ameshajirusha anakuja kwa kuogelea na panga mdomoni. Tukasimamishia hapo, ilikuwa saa ya kula.

Sasa muulizeni msomaji wetu, na kwenye hiyo gemu Sakitu angeweza kumuua yule jambazi kirahisi, amgandishie maji puani. Mbona hakufanya? Kwa sababu sheria ya gemu ya mwaka huo 1984 inasema shujaa akiua anapoteza Karma yote, siyo pointi mbili, yote, mpaka sufuri. Vijana wangu wanahangaika kuliko askari kutafuta namna ya kumkamata mtu akiwa mzima. Hayo mafundisho ya ukatili yako wapi?

Na chumvi sijawaambia. Kuna gemu nyingine ya mashujaa inaitwa Champions ya mwaka 1981, hiyo mhusika unamnunua kwa pointi, na ukimpa udhaifu unaongezewa pointi za kununulia nguvu. Vijana wakaipenda hiyo wakaichomeka kwenye ya kwao. Sakitu udhaifu wake iwe nini, moto? Kila mtu anasema moto, nikawaambia moto ni wa kawaida mno, sisi mkoa wetu una Uvinza, watu wanapika chumvi pale tangu enzi na enzi, mpeni adui wa chumvi. Wakafurahi. Akaja mfanyabiashara mbaya na malori ya chumvi, Sakitu akajenga ukuta, yule bwana akamwaga magunia, ukuta ukaanza kulainika. Masta akataka kusema Sakitu umekwisha, nikanyoosha mkono. Chumvi inayeyusha barafu ndiyo, lakini mimi nimetengeneza aisikrimu kwa barafu na chumvi kabla sijawa na friza, ule uji unaobaki unakuwa wa baridi kuliko barafu yenyewe, ukipatia vipimo unashuka mpaka nyuzi 21 chini ya sufuri, unaunguza vidole. Yule bwana amevaa nini miguuni? Masta akaangalia karatasi yake. Kandambili. Basi mlisikia kelele mpaka huko Dar. Wakaamua ukuta umevunjika, adui amepita, lakini wepesi wake umeshuka daraja mpaka apashe miguu moto.

Tabora mambo yalikuwa mengine. Tuna ndugu kule, wana kundi lao, likizo walikutana wakampandisha Sakitu treni. Mwezi wa nane Tabora hewa imekauka midomo inapasuka, unyevu wa kukamua hakuna, ziwa hakuna, kijana wa watu akashinda chini ya miembe na ndoo ya maji ya bomba akitembea nayo kama mchunga mbuzi aliyebakiza mbuzi mmoja. Wale wa Tabora wana shujaa wa nyuki, wakamcheka wiki nzima. Mpaka walipofika bwawa la Igombe ndo akapumua.

Kuhusu uchawi sitaandika mengi. Sungura wa bibi zetu aliongea, fisi akaoa, zimwi likameza kijiji kizima na likatumbuliwa watu wakatoka wazima na ng'ombe wao, na hakuna aliyemwita bibi mchawi, tuliitika pakawa tukasogea karibu. Mtoto akisema Sakitu anagandisha maji hajamwita jini, kamuita Sakitu. Na hilo la mambo ya kizungu, ludo je, mpira je, na hiyo reli iliyofika hapa 1914 tunayoisifia kila siku nani alijenga? Tulichukua tukatumia.

Yapo nisiyoyapenda, nayasema maana sijalipwa na mtu. Makelele. Wanachukua jioni yote na vyombo vinabaki. Wasichana ni wachache, kwangu anakuja yule mmoja tu na ndo anacheza kuwapita wote kwa akili, wengine nikiwauliza wanasema mama anakataa kukaa na wavulana barazani, na mimi siwezi kumlaumu mama huyo, dawa yake ni mahali pa wazi penye mtu mzima. Kwahiyo mwalimu yeyote hapa Kigoma mjini mwenye darasa linalokaa tupu Jumamosi mchana aseme, vijana watafagia wenyewe na mimi nitakuja kukaa. Na wewe msomaji uliyeandika, karibu Mwanga, ukifika uliza kwa muuza barafu, utapewa kiti na karatasi, ila ukitaka shujaa asiye na udhaifu nakwambia mapema hatutoi.

Mwisho ni kwako Mhariri. Gazeti lako Jumamosi lina karibu kurasa mbili za ratiba za mechi na odds zake, kijana anakata na mkasi anaenda nazo dukani kujaza mkeka. Siombi kurasa mbili. Naomba kona moja kwenye ukurasa wa vijana mchape karatasi tupu ya mhusika, mahali pa jina, kazi yake, anatoka wapi, vile visanduku saba, nguvu yake, na mstari mmoja mrefu wa udhaifu, wa kwetu wanachora kwa rula kila mara na mistari inapinda. Vizibo tunavyo.

Ni mimi,
Mama Barafu,
Mwanga, Kigoma.